Tasnifu Iwekwe Pamoja na Mashine Yake

Mwaka jana mwalimu anayeniongoza alinipa tasnifu moja ya zamani ya kitivo chetu, yenye flashi ndogo iliyobandikwa kwa gundi ndani ya jalada la nyuma. Akaniambia: "Anza hapa. Usirudie aliyoyafanya mwenzako, endelea mbele." Tasnifu hiyo ina zaidi ya miaka kumi. Mwandishi wake alirekodi mazungumzo ya wazee na ya vijana katika mitaa ya Kenya na Katuba hapa Lubumbashi, akayaandika yote neno kwa neno, kisha akatengeneza programu ya kuhesabu ni maneno mangapi ya Kifaransa yanayoingia katika kila sentensi ya Kiswahili. Jibu lake lilikuwa wazi: wazee, neno moja kwa sentensi, vijana, neno moja kwa sentensi. Hitimisho likafuata: kuchanganya lugha mjini kwetu si jambo la umri. Ninazijua kazi tatu za kitivo hiki zilizonukuu hitimisho hilo, na mimi mwenyewe niliwahi kuliandika katika mtihani wa isimujamii nikapata alama nzuri.

Hitimisho hilo si kweli. Au tuseme kwa haki: data zake hazikusema hivyo. Mashine ndiyo iliyosema, na sisi sote tukaitikia. Niliyajua haya kwa kutumia kitu kinachoitwa kontena, na ndiyo maana ninaandika makala haya katika jarida la watu wa lugha badala ya kuyapeleka kwa wenzetu wa sayansi ya kompyuta, ambao wangeniuliza nina habari gani mpya.

Nieleze kwanza yaliyotokea. Nilichomeka flashi, nikaiendesha programu, ikakataa. Ilikuwa imeandikwa kwa Python 2, na kompyuta yangu ina Python 3, kama kompyuta nyingi za leo. Python 2 ilifungwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Toleo lake la mwisho, 2.7.18, lilitoka mwezi wa Aprili mwaka huohuo, na baada ya hapo hakuna anayelitunza. Kosa lililoonekana mbele yangu lilikuwa dogo: katika Python 2 unaandika amri ya kuchapisha bila mabano, katika Python 3 lazima mabano yawepo. Nikaweka mabano, mahali kama thelathini hivi. Programu ikakubali, ikahesabu, ikatoa majedwali. Na majedwali hayakulingana na yale yaliyochapwa katika tasnifu. Wazee walikuwa na neno moja na kitu kidogo. Vijana walikaribia mawili.

Nilidhani nimeiharibu. Ni nani asingedhani hivyo? Upande mmoja kuna kazi iliyotetewa mbele ya jopo, ikapitishwa, ikanukuliwa. Upande mwingine kuna mwanafunzi aliyeongeza mabano usiku umeme ukiwa umerudi saa tano. Nilipoteza wiki tatu nikitafuta kosa langu. Nilihesabu kwa mkono kurasa kumi za mazungumzo ya vijana, nikapata karibu mawili. Bado sikujiamini.

Kilichonisumbua si hesabu yenyewe. Kilichonisumbua ni kwamba sikuweza kuiona programu ile ikifanya kazi kama ilivyofanya siku ile mwenye nayo alipoiendesha. Nilikuwa kama mtu anayebishana na marehemu. Kuiweka Python ya zamani katika kompyuta yangu nilijaribu, nikaishia kuvuruga vitu vingine vilivyokuwa vikiitegemea ile mpya, na programu ile ilidai pia maktaba moja ya nje ya toleo la zamani. (Maktaba, kwa watu wa kompyuta, ni rundo la kazi zilizokwisha kuandikwa na mtu mwingine ambazo programu yako inaziazima. Katika kitivo chenye maktaba ya vitabu neno hili linatuletea kicheko, lakini limekwisha kuzoeleka.)

Hapo ndipo rafiki mmoja wa kitivo jirani aliponiambia: "Yaya, acha kuihamishia hiyo programu kwako. Iache ikae kwake, wewe uende kuitembelea." Maana yake ilikuwa kontena.

Sisi wa Lubumbashi hatuhitaji kufundishwa kontena ni nini. Tunayaona yakipanda kutoka Kasumbalesa juu ya malori yaliyotoka Dar es Salaam au Durban, na yakichakaa tunayafanya duka, saluni, hata nyumba ya mlinzi. Vipimo vyake vimewekewa kanuni, pembe zake zina matundu yaleyale, na winchi ya bandarini haiulizi ndani kuna nini: ni mitumba, ni mashine ya mgodi, ni unga. Wazo hilo lilianza kazi tarehe 26 Aprili 1956, pale Malcom McLean alipopakia masanduku 58 ya chuma juu ya meli Ideal-X, kutoka Newark mpaka Houston, Marekani. Kabla ya hapo kila gunia lilibebwa na mtu, kila sanduku lilipangwa upya katika kila bandari, na kila mahali kitu kilivunjika au kilipotea.

Kontena la programu limechukua jina na wazo kutoka hapo. Badala ya kumpa mtu programu peke yake na kumtakia heri, unampa programu pamoja na kila kitu inachokihitaji: lugha ya programu ya toleo hilohilo, maktaba zake, mafaili yake ya mfumo. Vyote vimefungwa pamoja. Kompyuta inayopokea haiulizi ndani kuna Python, Java au R. Inafungua na kuendesha. Programu iliyo ndani inajiona iko peke yake nyumbani kwake, haioni mafaili ya mwenyeji isipokuwa yale uliyomruhusu, wala haigusi Python yako. Lakini si kompyuta nzima ndani ya kompyuta; hiyo inaitwa mashine pepe, nayo ni nzito. Makontena yote yanatumia kerneli moja ya mwenyeji, yaani kile kiini cha mfumo kinachogawa kumbukumbu na kazi ya prosesa. Kerneli ya Linux ndiyo inayojenga kuta kati yao. Mbinu za kuta hizo zilikuwapo kwa miaka, vipande vipande. Solomon Hykes alipoonyesha Docker mbele ya mkutano wa watu wa Python mwezi wa Machi 2013, kwa dakika chache tu, alichokuwa ameleta hasa ni urahisi wa kuzitumia.

Nikapakua kontena la Python 2.7. Lile jembamba lilinila kama megabaiti 50 za kifurushi changu. Lile kamili lingekula zaidi ya 300, nikaliacha. Nikaweka ndani yake maktaba ya zamani, nikalipa ruhusa ya kuona folda ya flashi tu, nikaiendesha programu bila kuigusa hata herufi moja. Mistari ikashuka. Wazee: 1. Vijana: 1. Majedwali yalikuwa yaleyale ya tasnifu, namba kwa namba, mpaka ukurasa wa mwisho.

Sasa nilikuwa na mashahidi wawili wakisimama pamoja, na kesi ikaisha kwa siku moja. Katika Python 2, ukigawa namba nzima kwa namba nzima, unapata namba nzima; kilichobaki kinatupwa. 19 kwa 10 ni 1. 11 kwa 10 pia ni 1. Katika Python 3, 19 kwa 10 ni 1.9. Mwandishi alijumlisha maneno ya Kifaransa, akagawa kwa idadi ya sentensi, na mashine ikamkatia desimali zote bila kumwambia. Yeye aliona 1 na 1. Jopo lilidhani amekadiria ili jedwali lisomeke vizuri. Tofauti ya vizazi viwili vya mji huu ilianguka chini ya meza kwa sababu ya alama moja ya kugawanya.

Sisemi haya kumwaibisha mtu. Yeyote kati yetu angeangukia humo, na kazi ya kurekodi na kuandika mazungumzo yale ni kubwa kuliko yangu. Ninachosema ni kwamba kosa lile lilikaa zaidi ya miaka kumi katika rafu yetu likinukuliwa, kwa sababu hakuna aliyeweza kuiendesha programu ile tena. Tunamtaka mwanafunzi aandike ukurasa wa kila nukuu ili msomaji afungue kitabu na kuhakiki. Lakini akituletea jedwali lililotoka tumboni mwa programu, tunalipokea kama neno la mganga.

Ndiyo maoni yangu, na ninayasema bila kuzunguka: tasnifu yoyote ya kitivo hiki yenye namba iliyohesabiwa na programu isipokelewe kama haikuja na kontena lake. Neno tasnifu nalitumia kwa heshima ya jarida. Najua kwamba kila siku tunasema memwari.

Nimekwisha kusikia majibu ya wakubwa na ya wenzangu. Profesa mmoja ninayemheshimu sana aliniambia: "Mwanangu, sisi tunafundisha lugha, hatufundishi mashine." Profesa, kwa ruhusa yako: mashine imekwisha kuingia darasani bila kubisha hodi. Nusu ya wenzangu wa mwaka wa mwisho wanahesabu maneno kwa programu waliyoipata kwa rafiki. Hoja ya kama tutumie au tusitumie imepitwa. Iliyobaki ni kama tutaweza kuhojiana juu ya tunachokitumia. Na isitoshe, shughuli hii imejaa mambo ambayo mtu wa lugha anayaona kabla ya mhandisi.

Nichukue herufi. Katika Lingala ya kitaalamu tunaandika ɛ na ɔ, na juu yake tunaweka toni. Herufi é ya Kifaransa inaweza kuandikwa katika kompyuta kwa njia mbili: kama alama moja kamili, au kama e ikifuatwa na kistari cha juu kinachoelea. Machoni ni sawa. Kwa mashine ni vitu viwili tofauti. Ila ɛ́ haina alama moja kamili katika Unikodi, daima ni mbili. Kwa hiyo programu inayopima urefu wa maneno kwa kuhesabu alama itaipa Lingala maneno marefu kuliko Kifaransa, bila kosa lolote la Lingala. Chukua tena mpangilio wa alfabeti. Programu ya kupanga orodha ya maneno hufuata kanuni zilizomo katika maktaba ya msingi ya mfumo, na kanuni hizo hubadilika: maktaba ya C inayotumiwa na Linux nyingi, glibc, ilibadilisha mpangilio wake mkubwa katika toleo la 2.28 la mwaka 2018, na watu wenye hifadhidata kubwa duniani kote wakakuta faharasa zao zimevurugika. Mwanafunzi anayetengeneza kamusi, akipanga nusu ya orodha kwa kompyuta ya kitivo na nusu kwa kompyuta ya binamu yake, anaweza kupata alfabeti mbili na asijue.

Na kontena nalo lina mitego yake hapa. Ukichukua kontena lolote jembamba bila kulielekeza, mara nyingi halina kanuni za lugha yoyote. Linapanga herufi kwa namba zake za Unikodi tu, na ɛ inakwenda kukaa nyuma ya z. Lile jepesi kuliko yote, linalojengwa juu ya Alpine, linapendwa sana na wenye intaneti ghali kama sisi, lakini maktaba yake ya msingi haijui kabisa kupanga kwa kufuata lugha. Kwa seva ya duka halina neno. Kwa mtunga kamusi ni hasara.

Kuna pia ng'ombe. Kibainishi chake kinaandikwa kwa alama tatu tofauti kutegemea kibodi na simu, na programu inayokata maneno kwa njia ya kawaida itamwacha mzima kwa alama moja na kumchinja vipande viwili kwa zile nyingine. Katika data zangu alichinjwa mara nyingi. Kontena halikuniokoa, wala halitamwokoa yeyote: halisahihishi kosa. Linaligandisha mahali pake, ili mtu wa pili alikute palepale na kulionyesha kwa kidole. Kwangu hilo latosha, maana sayansi yetu haijawahi kuwa na njia nyingine ya kusonga mbele.

Pingamizi lenye uzito kuliko la Profesa ni la wenzangu: megabaiti. "Unatuambia tupakue gigabaiti, wewe ndiwe utakayelipa?" Ni haki kuuliza. Mafundisho mengi ya makontena yameandikwa na watu ambao intaneti kwao ni kama maji ya bomba. Wanakuambia ujenge, ufute, ujenge tena, na kila mara mashine inapakua upya. Lakini kontena halijengwi kwa kipande kimoja. Linajengwa kwa matabaka, kama ukuta. Ukianza na vitu visivyobadilika, yaani lugha na maktaba, na programu yako ukaiweka tabaka la mwisho kabisa, basi kila unaporekebisha mstari mmoja ni tabaka hilo la juu tu linalojengwa upya, na hupakui kitu. Ukigeuza mpangilio, unalipia kosa hilo kila siku. Mimi nililipia, kwa siku nne, mpaka kifurushi cha mwezi kikaisha tarehe kumi.

Jambo ambalo mafundisho hayo hulisema kwa sauti ya chini ni kwamba kontena linasafiri bila intaneti. Kuna amri moja ya kulihifadhi kuwa faili, na nyingine ya kulifungua kwingine. Faili hilo unalitia katika flashi. Mtu mmoja anapakua mara moja, na promosheni nzima inanakili mkono kwa mkono, kama tunavyofanya na filamu. Nimekwisha kuwapa wenzangu kumi na mmoja kontena langu kwa njia hiyo, mmoja akiwa Likasi, bila yeyote kutumia hata megabaiti moja.

Tena ni vizuri tukae na nakala zetu, kwa sababu ghala kubwa la makontena si letu. Tangu Novemba 2020, Docker Hub inamruhusu mtu asiyejiandikisha kupakua mara 100 kwa saa sita, nayo inamtambua kwa anwani yake ya intaneti. Chuo kizima kinachotoka kwa anwani moja kinahesabiwa kama mtu mmoja. Machi 2023 kampuni hiyo ilitangaza kufunga akaunti za bure za vikundi, watu wakapiga kelele, ikaghairi kabla mwezi haujaisha. Sikatai kwamba wana haki ya kulipwa. Ninasema tu kwamba tasnifu ya Lubumbashi isikae mahali ambapo uamuzi wa mkutano wa wakurugenzi wa mbali unaweza kuizima. Uzuri ni kwamba umbo la kontena lenyewe si mali ya kampuni moja: tangu 2015 kuna kanuni za pamoja, na faili lililotengenezwa kwa Docker linafunguka kwa Podman, ambayo ni huria. Winchi nyingine, matundu yaleyale.

Udhaifu wa kompyuta zetu siufichi. Katika Linux kontena ni jepesi. Katika Windows, Docker inalazimika kuiweka Linux ndogo chini yake kwanza, na kompyuta ya gigabaiti 4 za kumbukumbu inaanza kuhema. Anayetumia Mac mpya naye ajue kwamba prosesa yake si ya aina ya zetu; kontena alilolijenga bila kutaja aina ya prosesa linaweza kukataa kwa jirani. Mtu anayesema kontena linaendeshwa popote amesahau kuongeza "pakiwa na kerneli na prosesa inayofaa".

Wapo pia wanaosema mazingira ya pekee ya Python yanatosha, lile folda ambamo maktaba za kazi moja hutengwa na za kazi nyingine. Kwa kazi za kila siku mezani pako, yanatosha, nami nayatumia. Lakini hayabebi Python yenyewe, wala maktaba ya msingi ya mfumo. Yasingeweza kunionyesha ile 1 na 1.

Sasa niseme jambo moja kwa ukali kidogo. Sauti za watu zisiwekwe ndani ya kontena. Wazee wa Katuba waliokubali kurekodiwa walimkubalia mwanafunzi aliyekaa nao chini ya mwembe, hawakuikubalia dunia. Kontena likipandishwa hadharani, kila kilichomo kinakwenda nalo. Na yale matabaka niliyoyasifu yana kumbukumbu mbaya: ukiweka rekodi katika tabaka la pili, ukaifuta katika la tatu, imefichwa tu, bado imo, na anayejua ataitoa. Nimeona mwenzangu akijivunia kwamba alifuta majina ya watoa habari "mwishoni". Tulilifungua kontena lake pamoja, majina yote yalikuwamo. Data zikae nje, katika folda ya pembeni ambayo kontena linafunguliwa dirisha la kuiona wakati wa kazi tu.

Data hizo ziwe maandishi ya kawaida, yasiyohitaji programu yoyote kusomeka. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha mji huu, ile Vocabulary of the Town of Elisabethville, kwa mashine ya chapa. Mwaka 1990 Johannes Fabian akaitoa pamoja na tafsiri na maelezo. Kati ya miaka hiyo 25 hakuna aliyehitaji toleo sahihi la kitu chochote ili kuisoma. Programu huoza haraka, maandishi hayaozi. Kwa hiyo kile kinachooza tukifungie kontena, na kisichooza tukiache wazi mezani.

Neno moja la msamiati, maana nisipolisema katika jarida hili nitalisema wapi. Watu wa kompyuta hutofautisha kontena linalofanya kazi na kile kitu kilichotulia ambacho makontena hutolewa kwacho. Kile cha pili Kifaransa hukiita "image", na wenzangu wamekwisha kukiita picha. Silipendi. Picha haizai. Mimi nasema kalibu, kama kalibu ya fundi matofali: udongo ni wako, kalibu ni moja, matofali yanatoka mengi ya umbo moja, na tofali likivunjika kalibu ipo. Kontena nalo linaweza kubaki kontena, au kontenere kama tunavyosema sokoni. Limekwisha kupita ushuru zamani.

Ninachopendekeza kwa baraza la kitivo hakihitaji bajeti kubwa. Kompyuta moja yenye Linux iwekwe katika chumba cha kuhifadhia tasnifu. Siku saba kabla ya utetezi, mwanafunzi alete flashi yenye data katika maandishi ya kawaida, programu yake, kalibu iliyohifadhiwa kuwa faili, na lile faili fupi la maelekezo lililotumika kuijenga, matoleo yote yakiwa yametajwa kwa namba. Neno "la karibuni" lisikubaliwe, kwa sababu la karibuni la mwaka huu si la karibuni la mwakani. Msaidizi achomoe waya wa intaneti. Aendeshe. Majedwali yakitoka kama yalivyo katika tasnifu, apige muhuri. Yasipotoka, mwanafunzi ana siku saba.

Yule mwandishi wa zamani nilimtafuta. Anafundisha mbali na hapa sasa. Niliogopa kumwandikia, nilimwandikia hata hivyo, nikamweleza habari za kugawanya, nikamtumia makontena mawili, lake la Python 2 na langu la Python 3, kwa mkono wa dereva mmoja. Siku kumi na mbili alinyamaza. Kisha akaandika: ameyaendesha yote mawili, amekubali, na ataandika masahihisho. Halafu akaongeza kwamba katika orodha ya maneno ya Kifaransa niliyoirefusha mimi kwa ajili ya data zangu za sokoni amelikuta neno sabuni. "Ndugu mdogo," akaniuliza, "sabuni ilitoka kwa Wafaransa lini? Hilo ni la Waarabu." Nilikuwa nimeona savon nikajiridhisha. Tulilitoa, tukaendesha tena. Pengo la vijana na wazee limepungua kidogo, bado lipo.

Kalibu zote mbili ziko kwa katibu wa jarida, pamoja na kalibu tupu ya kuanzia. Anayetaka aje na flashi yenye nafasi ya gigabaiti 1.